Mashine Iliyokufa Kule Kisiba

Mwalimu wa fizikia wa sekondari moja hapa Tukuyu, binti wa kutoka Kagera aliyepanga nyumba ya jirani yangu hapa Bulyaga, amenisumbua muda mrefu niwaandikie ninyi wanafunzi wake habari za kazi niliyostaafu. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba, fizikia nimeijulia mikononi tu. Akasema, "Basi baba, andika hiyo ya mikononi." Nikatafuta kalamu. Kwa hiyo palipo na kosa la sayansi mwulizeni yeye, na palipo na kosa la kumbukumbu lawama ni yangu. Nilikuwa na tabia ya kuandika kila jioni yaliyotokea mchana, lakini daftari nyingi zimeoza kwa unyevu wa huku kwetu, na zilizobaki nikizisoma sijui kama ni mimi niliyeandika, maana zina uhakika mwingi kuliko nilio nao leo.

Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa vipimo. Vitu vyenye mionzi viko vingi kuliko mnavyodhani: hospitali wanavyo, migodi inavyo, wajenzi wa barabara wanavyo. Vikimaliza kazi vinakuwa mabaki, na mabaki hayatupwi jalalani, yanawekwa stoo maalumu. Stoo ikipata ajali, au kitu kikipotea humo, kikosi chetu kiliitwa. Tukifika tunauliza, tunapima, tunatafuta, tunakusanya, tunaandika. Msifikiri ni mambo ya sinema. Sehemu kubwa ya kazi ile ni kusubiri kwenye gari na kuosha viatu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kombo, Mungu amrehemu. Safari yangu ya kwanza naye tulikwenda kwenye stoo ya hospitali moja iliyoungua paa. Nikapewa kipima mionzi, nikaingia nacho kifua mbele, nikazunguka chumba chote, nikatoka. "Kimya kabisa, mzee. Pasafi."

Mzee Kombo akakichukua, akakigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Betri hamna.

"Umepima nini, Gwakisa?"

Nikachungulia pale pa betri.

"Umepima ukimya. Haya, rudi getini tuanze upya."

Tangu siku ile sikuwahi kuingia mahali kabla ya kukijaribu kipimo kwenye kitu ninachokijua kuwa kinakiliza, halafu kupima pale nje palipo salama ili nijue hali ya kawaida ya mahali inasomaje. Hili la pili watu wengi wanaliruka. Mawe na udongo vina mionzi yao midogo tangu kuumbwa, na mahali hapalingani na mahali. Huku kwetu kwenye mawe ya volkano, kipimo kilinipigia juu kidogo kuliko kule kaskazini tulikokuwa na ofisi. Mgeni asiyejua atashtuka bure, au mbaya zaidi, atazoea kelele hata ile ya hatari asiitambue.

Vipimo vya zamani vilikuwa na mshale, ukisita unakigonga kwa kidole kama unavyogonga redio ya mkulima. Vya sasa vina namba na vinachora ramani kwenye simu. Wazee wenzangu hupenda kusema vya zamani vilikuwa bora. Si kweli. Vya sasa ni bora, isipokuwa havipendi baridi na mvua, na mnajua tunaishi wapi.

Sasa niwape hiki kisa cha Kisiba, maana mwalimu wenu alikisikia kwangu jikoni akacheka hadi chai ikapoa.

Kulikuwa na kampuni ya barabara iliyomaliza kazi ikahama, ikaacha kambi yake upande wa Kisiba, huku huku kwetu, na ndani ya kambi kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa stoo yao ya muda ya mabaki ya mionzi, wakisubiri vibali vya kuyasafirisha. Humo palikuwa na mashine moja ya kupimia kama udongo wa barabara umeshindiliwa sawasawa. Ni kama sanduku dogo la rangi ya njano, lina mpini juu, na ndani kuna fimbo ya chuma yenye chembe ya mionzi kwenye ncha. Fimbo ikivutwa juu ndani ya kinga yake ya madini ya risasi na kupigwa kufuli, unaweza kuibeba. Ikichomoza, kimbia.

Mlinzi wa kambi alikuwa Mzee Ambakisye, mtu mzima wa pale pale, mwenye migomba yake nyuma ya uzio. Mvua zikapiga, ngema ya mlima juu ya kambi ikaporomoka, ukuta wa stoo ukaanguka. Kampuni walipomtuma mtu kutazama, siku zikiwa zimepita, mashine haikuwepo. Polisi wakaitwa. Sisi tulipofika kutoka kaskazini tukiwa tumechoka na njia, Mzee Ambakisye alishawekwa mahabusu, na huko kijijini kina mama walikuwa wameacha kuchota maji ya chemchemi iliyo chini ya kambi. Walikuwa wanapanda mlima mzima na ndoo kwenda kwenye bomba la mbali, kwa sababu mtu alisema sumu imemwagika.

Kiongozi wetu alikuwa Bi. Zainabu, mtaalamu, mzaliwa wa Tanga, mwanamke mpole sana mpaka umkute anauliza maswali. Mpelelezi wa kituo, afande wa kutoka Mara, alitupokea vizuri. Nataka nimtendee haki huyu afande, maana wengine wakisimulia kisa hiki wanamfanya mjinga. Hakuwa mjinga. Hakumgusa yule mzee hata kwa ukucha, na blanketi alilojifunika mzee mle ndani lilitoka nyumbani kwa afande mwenyewe.

"Kesi yenyewe imekwisha," akatuambia. "Amekiri. Mkewe naye amekiri."

"Amekiri nini?" Bi. Zainabu akauliza.

"Nilimuuliza, mzee, mashine iko wapi? Akasema, 'Tumekishika, mimi na mama Tumpe.' Nikamuuliza mmekishikia wapi? Akasema migombani. Tukaenda migombani, tukaangalia kila mahali, migomba mitupu. Nikarudi nikamwambia, basi kitoe yaishe. Unajua alinijibu nini? 'Kilichoshikwa hakitolewi.' Ananiangalia usoni kabisa!"

"Anataka fedha?"

"Hajasema. Ndiyo maana namwona ni mjanja. Kesho nampeleka mahakamani kwa wizi, na hilo la kuhatarisha watu litafuata. Kwa umri ule, mama, sioni atarudije nyumbani."

Bi. Zainabu akaomba tumwone kwanza.

Wakamtoa, wakampa kiti barazani. Nilimwamkia kwa kwetu, "Ugonile, tata," yaani umelalaje, baba. Akaitika, "Ndaga," akanishika mkono asiuachie. Nikataka kuendelea kwa Kinyakyusa lakini nikaona si haki. Bi. Zainabu asingeelewa, na afande angesema tumepanga maneno. Nikamwambia, "Tata, tuseme Kiswahili ili wote tusikie. Huyu ni mkubwa wangu, anaitwa Bi. Zainabu."

"Kalibu, mama Sainabu," akasema. "Pole na sida sa njiani."

"Nimeshapoa, babu. Nieleze kuhusu ile mashine."

"Nimesasema. Tumekisika."

Na mimi, vijana wangu, mtoto wa Kisiba kabisa, niliyenyonya kwa mama anayesema hivyo hivyo, nilisikia kama alivyosikia afande. Nilikuwa nimeshaambiwa kuna mwizi, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yanamtafuta mwizi. Nilianza kuhuzunika. Nikajisemea moyoni, ee tata, umefanya nini uzeeni.

Bi. Zainabu hakuandika kitu. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Babu, hebu niite tena jina langu."

Mzee akamtazama kama anayeulizwa swali la mtoto. "Mama Sainabu."

"Ahaa. Na hiyo mashine, mliifanya nini? Nieleze kwa vitendo."

"Si tulichimba simo! Tukakiweka, tukakifunika. Mama Tumpe akatandika majani ya mgomba chini, maana kulikuwa na maji. Kitu kikifa unakiacha na mvua?"

Afande akasema taratibu, "Mmekizika?"

"Ndiyo ninavyosema siku sote! Tumekisika! Wewe unaniambia nikitoe, nikakwambia kilichosikwa hakitolewi. Kwenu Mara mnafukua?"

Bi. Zainabu alicheka hadi akajifunika uso na mtandio. Afande alicheka baadaye kidogo, maana kwanza alisimama akaenda ukingoni mwa baraza akatugeuzia mgongo. Aliporudi akasema, "Mzee, nisamehe. Mimi niliandika nilichosikia." Mzee akasema, "Na mimi nilisema kilichokuwepo." Yakaisha hapo.

Wale mliozaliwa mjini mnaosema Kiswahili cha Mbeya na Dar, msiwacheke babu zenu. Kinyakyusa hakina zeta wala esha, yaani z na sh, basi mtu aliyekua nacho zote mbili anazitoa kwa sauti moja ya s. Kuzika na kushika kwake ni neno moja, na yeye haoni utata wowote kwa sababu anajua anachosema. Anayesikiliza ndiye mwenye kazi.

Lakini kwa nini aliizika? Hilo ndilo lililotuchukua jioni yote. Akaeleza kwamba ukuta ulipoanguka alimpigia simu injinia wa kampuni, na injinia akamwambia, "Usihangaike na hicho, kimekufa zamani. Kiweke pembeni, kinasubiri tu kuzikwa." Tulimpigia injinia. Hakukataa, alikuwa mtu mkweli. Alisema kwa sauti ya kuishiwa nguvu, "Lakini kila mtu anasema hivyo! Betri imekufa, simu imekufa. Nilimaanisha haifanyi kazi tena, na kuzikwa ni kule inakopelekwa mwisho, kwenye ghala lenye zege." Ni kweli, hata sisi kikosini tulisema hivyo hivyo kila siku. Chanzo cha mionzi kilichokufa, chanzo kinachosubiri kuzikwa. Kumbe mashine ilikufa betri na vioo vyake. Chembe iliyomo ndani haijui habari za betri. Ipo hai, na itakuwa hai wakati wajukuu zenu wanastaafu.

Sasa mzee wa kwetu akiambiwa kitu kimekufa na kinasubiri kuzikwa, halafu akakiona kimelala kwenye matope mvua inakinyeshea, na wenyewe wako mbali, unategemea afanye nini? Alifanya anachomfanyia kila aliyemfia mikononi. Akachimba migombani kwake, alipowazika wazazi wake.

Asubuhi tukaenda na mzee atuonyeshe mahali. Hapo sasa hapakuwa na kucheka. Ukuta ulikuwa umeiangukia ile mashine, na hatukujua kama kufuli limeshika au fimbo imepinda ikachomoza. Kama ilichomoza, basi mikono ya mzee na ya mama Tumpe ilikuwa hatarini, na kama chembe nayo ilipasuka, ile chemchemi pia. Mama Tumpe alitupokea akiwa amefunga khanga kiunoni kama mwenye msiba. Nikamwomba nione mikono yake. Nilimwona anaificha, nikaogopa, kumbe anaona aibu ina udongo. Niliitazama vidole na viganja. Haikuwa na wekundu wala malengelenge.

Tatizo likawa jingine. Mzee alikataa jembe lisiguse. Bi. Zainabu akamweleza hatari, akakubali hatari, akakataa kufukua. Alisema watu wa pale watamwonaje, mtu anayefukua alichokizika mwenyewe, jirani na wazazi wake. Afande aliyekuja nasi alitaka kusema kitu, Bi. Zainabu akamwashiria aache. Tukakaa pale kwenye manyunyu, kipimo kimefunikwa nailoni kisilowe.

Ni mama Tumpe aliyetufungulia njia. Alisema, "Baba Tumpe, mbona balabala ilipopita walihamisa kabuli la kaka yako? Ulikuwepo. Ulisika jeneza mwenyewe."

Hapo alisema ulishika, kwa wenye shaka.

Mzee akawaza. "Ile ilikuwa kuhamisa."

"Na sisi tunahamisha, babu," Bi. Zainabu akasema. "Kina kwao kilikoandaliwa. Huku kilikuwa mgeni."

"Mtakisika huko?"

"Tutakizika vizuri, kwa zege."

"Haya. Lakini naansa mimi."

Hilo halikuwezekana, na ndipo nilipoona ustadi wa yule mama. Hakumkatalia. Alimwambia aanze kwa mdomo: atuonyeshe mahali, aseme neno lake, kisha asimame nyuma ya kamba. Mzee akaomba kwa sauti ndogo, nadhani alimwambia marehemu baba yake kwamba wageni wanaondoka. Kisha akaenda nyuma ya kamba, akasimama amevua kofia.

Sheria zetu ni tatu na hazihitaji shule: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kitu kizito katikati. Nilipima kwanza barabarani, nikapata hali ya kawaida. Nikaingia migombani nikisoma kila hatua. Mahali penyewe alipanda mche wa mgomba juu ili pasisahaulike, jambo zuri kwa kaburi na baya kwetu, maana mtu angekuja kupalilia siku moja na jembe likagonga. Kipimo kikapanda kidogo, si sana. Nikamsomea Bi. Zainabu namba, akasema endelea. Tulichimba kwa kupokezana, koleo za mpini mrefu, na kila tukishuka kidogo tunasimama, tunapima, tunarudi nyuma. Ukisikia pumzi yako kwenye barakoa unajua una haraka. Tulia.

Majani ya mgomba yalionekana kwanza, bado ya kijani. Halafu njano. Mpini ulikuwa umepinda kabisa. Nikafuta matope kwa brashi ndefu. Kufuli lilikuwepo. Fimbo ilikuwa ndani.

"Limeshika," nikapiga kelele.

Kutoka nyuma ya kamba mzee akaniuliza, "Limesikwa au limeshika?" Alijikaza kweli kweli kuitoa ile esha. Mpaka afande alicheka.

Tuliipangusa kwa pamba, tukaipima pamba: hakuna kilichovuja. Tukaitia kwenye pipa lake la chuma. Tukapima shimo, tukapima mche wa mgomba, tukachukua maji ya chemchemi kwenye chupa. Bi. Zainabu akawaita wale kina mama akawaambia chembe haikupasuka, kwa hiyo hakuna kilichoingia majini, na hata hivyo maji yatapimwa maabara na majibu yataletwa. Mmoja akamuuliza, "Wewe utayanywa?" Akanywa. Yalikuwa baridi, akakunja uso, wakacheka wote, wakaanza kujaza ndoo.

Kampuni walitaka taarifa iseme mlinzi alikosea. Sisemi hakukosea. Angeuliza, mambo yangekuwa mepesi, na kama kufuli lingekuwa limevunjika tungekuwa tunasimulia kingine. Lakini Bi. Zainabu aliandika kwamba ukuta ulianguka na hakuna mtaalamu aliyekuja kutazama, kwamba mlinzi alitekeleza alivyoelewa, na kwamba aliyemwelekeza hakumuuliza ameelewa nini. Mzee Ambakisye alipelekwa kituoni kufutiwa kesi, akarudi kwake siku ile ile, kwenye gari ya polisi, amekaa mbele. Kampuni ilimrudisha kazini. Sisi kikosini tukaacha kusema chanzo kimekufa. Tukawa tunasema kimestaafu, na mafunzo ya walinzi yakaanza kumalizika kwa swali moja: "Hebu nieleze wewe ulivyoelewa." Linaonekana swali dogo. Mimi nimeliuliza hadi nyumbani, wanangu wakanichoka.

Nilipostaafu nikarudi huku, nikawa namtembelea. Kila mara ananitania mbele za watu, "Gwakisa, siku yangu ikifika usije na kile chombo chako kinacholia. Mimi nikisikwa nimesikwa. Mimi si mgeni hapa."

Siku yake ilifika msimu uliopita wa mvua, kwa uzee tu, amelala kitandani kwake. Watu walijaa hadi barabarani. Afande, ambaye sasa kahamishiwa mbali, alituma rambirambi. Kaburi lilichimbwa migombani, karibu na ule mche, ambao umeshazaa mikungu na kuchipua tena. Tuliposhusha jeneza nilijikuta natazama mikono yangu kama imeshika kipimo.

Jioni, watu wakinawa, simu yangu ikalia. Alikuwa Bi. Zainabu, naye kastaafu, yuko kwao Tanga. Mtandao wa kwetu mnaujua, sauti ilikuwa inakatika. Akaniuliza, "Mmeshamzika mzee wetu?"

Nikataka kujibu vizuri, kwa Kiswahili changu cha ofisini. Kikatoka cha mama yangu.

"Tumemsika, dada," nikamwambia. "Tumemsika visuli."

Nadhani aliyasikia yote mawili.